Shajara ya mradi: grafu ya umbali na muda kwa vizibo vya soda na debe

Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule ya kata huku Kimara, Dar. Naandika humu kila hatua ikiisha, ili mwalimu mwenzangu au mzazi mwenye mtoto anayehangaika akitaka kuiga aige yaliyofanya kazi, na yale ya kijinga ajue kwamba yeye sio wa kwanza. Gharama nazo naziweka, maana hela imetoka mfukoni kwangu.

Jumatatu 3 Februari 2025

Kidato cha Pili, wanafunzi 46. Leo sijafundisha, nimechora tu ubaoni mstari unapanda, unalala kidogo, halafu unashuka mpaka chini. Mhimili wa kusimama nimeandika umbali kutoka nyumbani, wa kulala nimeandika muda. Swali moja tu: huyu mtu alifanya nini? Nikawaambia waandike kwa Kiswahili, maana nilitaka kujua wanawaza nini, Kiingereza chao tutakutana nacho mtihanini.

Wanafunzi 29 wameandika kapanda mlima, kafika juu kukawa tambarare, akateremka upande wa pili. Na wameandika vizuri tu, mmoja kaongeza na kwamba alikuwa amechoka ndio maana akapumzika kileleni. Nisiwaonee pia, watoto wa Kimara kutoka nyumbani mpaka barabarani ni kilima, sasa ukimchorea kitu kinapanda na kushuka unategemea aone nini. Ila ukweli ni kwamba karatasi wameisoma kama picha ya njia, zile mihimili mbili hazijaangaliwa kabisa. Kumi na moja hivi wamepata kwamba alitoka, akasimama, akarudi. Waliobaki wameacha wazi.

Mpango: watembee wao wenyewe, wapime, wachore. Nilidhani wiki mbili zinatosha.

Alhamisi 6 Februari

Nimenunua kamba ya manila ya mita 30, shilingi 4,500. Tepu ya mita 50 nimeazima kwa fundi anayejenga karibu na shule, nikamwachia hela ya soda, 1,000. Uwanjani tumeweka alama ya chaki kila mita 5, zikawa alama sita ukiacha pa kuanzia, kila alama kasimama mwanafunzi, mwenye kutembea akipita pale anapiga kelele "hapa!" na mshika simu anabonyeza. Simu ni yangu, moja tu, wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni.

Tulivyorudi darasani kuchora nikakuta vioja. Kundi la kwanza mstari wao umesimama wima kutoka chini mpaka juu, unayumba kidogo kushoto na kulia kama mnazi. Nikauliza huyu alifanya nini, wakajibu kwa pamoja, kapanda mnazi. Darasa likafa kwa kicheko na mimi nikacheka, halafu nikaangalia jedwali lao: sekunde 4, 4, 3, 4, 5, 4. Basi ndio nikaelewa. Mshika simu kila akisikia "hapa!" anasimamisha, anaandika, anafuta, anaanza upya sifuri. Kwa hiyo wamepata muda wa kila kipande, na sio muda tangu mtu alivyoondoka. Umbali wao unajumlishwa, 5, 10, 15 mpaka 30, muda haujumlishwi, ndio maana nukta zote zimebebana pale kwenye sekunde ya 4.

Kosa ni langu. Niliwaambia "pimeni muda", sikuwaambia muda wa kuanzia wapi. Dawa yake rahisi, saa haisimamishwi mpaka mtu afike mwisho, mshika simu anasoma kwa sauti na mwingine anaandika. Yale ya kwanza hatukuyatupa, tuliyajumlisha tu: 4, 8, 11, 15, 20, 24.

Jumanne 11 Februari

Leo nilikuwa na furaha kama dakika kumi. Makundi tisa, grafu tisa, zote zimenyooka safi. Nikaanza kuwasifia. Halafu nikafika kwenye kundi moja ambalo mtembeaji wao, namkumbuka vizuri, alisimama katikati akainama kufunga kamba za viatu, kama sekunde kumi nzima, wenzake wakawa wanamzomea. Grafu yake imenyooka kama rula.

Nikaangalia mhimili wa muda. Wameandika 4, 8, 21, 25, 29, 33, kila namba kwenye mraba wake, zimeachana sawasawa. Yaani wamechukua namba walizopata wakazipanga kama wanafunzi kwenye foleni ya uji, kutoka 4 mpaka 8 sentimita moja, kutoka 8 mpaka 21 nayo sentimita moja. Ukipanga hivyo kila mtu duniani anatembea kwa mstari ulionyooka, hata konokono, hata aliyelala njiani. Nikarudi kukagua makundi yote, saba kati ya tisa wamefanya hivyohivyo. Zile sifa nikazimeza.

Hili kosa ni baya kuliko lile la mnazi, kwa sababu linatoa kitu kizuri machoni. Mnazi unajishtaki wenyewe. Hili mwalimu aliyechoka saa nane mchana anaweka tiki na kuendelea, na mimi nina wasiwasi kwamba miaka iliyopita nimeweka tiki nyingi tu.

Nimejaribu kueleza kwa maneno, skeli, nafasi sawa, nini na nini, naona macho tu. Kilichosaidia ni siti za basi. Nikawaambia basi lina siti 1 mpaka 40, abiria wanne wamekaa siti ya 4, ya 8, ya 21 na ya 25. Siti ya 9 mpaka ya 20 zimeenda wapi? Zipo, mwalimu, hazina watu. Haya, na wewe usizing'oe siti kwa sababu hazina abiria. Mpaka sasa mtu akikosea skeli wenzake wanamwambia "umeng'oa siti", hata mimi sihitaji kusema.

Jumatatu 17 Februari

Nilikaa Jumapili nikawaza, tatizo lote limetokana na kwamba sisi tulifanya umbali uwe sawa (kila mita 5) na muda ndio uwe hovyohovyo. Kwa nini tusigeuze? Muda uende sawasawa, umbali ndio ubadilike.

Basi: mwanafunzi mmoja anashika simu na mwingine debe. Kila sekunde 2 debe linapigwa, ngo. Mtembeaji ana vizibo vya soda mfukoni, akisikia ngo anadondosha kimoja palepale alipo bila kusimama. Vizibo ni bure, nimeviomba dukani, nimepata kama 40.

Aisee. Hapa ndipo mambo yalipoanza kufunguka. Ukimaliza, ile safari yote inabaki imeandikwa chini. Aliyetembea kawaida vizibo vimeachana kama mita mbili na nusu, vimejipanga kama vigingi vya uzio. Aliyeanza polepole halafu akakimbia, vya mwanzo vimebanana vya mwisho vimetawanyika. Aliyesimama kufunga viatu (tulimwambia arudie makusudi, akafurahi sana) kaacha kirundo cha vizibo vitano sehemu moja. Msichana mmoja wa nyuma ambaye tangu Januari sijamsikia sauti akasema, "Mwalimu, kwa hiyo pale penye kirundo ndio mstari unalala." Sikuwa nimetaja mstari wala grafu asubuhi yote.

Yaliyokwama: mpiga debe anafuata mtembeaji badala ya kufuata simu. Akimwona mwenzake anakimbia na yeye anapiga haraka, ngongongo, muda wenyewe unanywea. Dawa ni kumgeuza aangalie ukuta, asimwone mtembeaji kabisa. Pia vizibo vinabingirika, hasa kwenye sakafu ya varanda, kwa hiyo fanyia kwenye mchanga au nyasi. Na 40 havitoshi, anayetembea kinyonga anaviishiwa kabla ya kufika mwisho, tafuta 60.

Jumanne 25 Februari

Kutoka chini kwenda ukutani. Nilitaka kila kizibo kiwe na uzi wake, urefu kutoka pa kuanzia mpaka kizibo kilipo, halafu nyuzi zote tuzining'inize ukutani zimeachana sawasawa, vichwa vyake vitachora grafu vyenyewe. Wazo zuri sana kichwani. Nikanunua uzi wa kufungia maboksi, roli mbili, 5,000.

Wakaenda wakakata. Uzi wa mita 2.5, wa mita 5, wa 7.5, mpaka wa mita 30. Tumerudi darasani na uzi wa mita 30 na ukuta wenye mita tatu. Nimesimama pale na mauzi yangu mikononi kama mvuvi, wanafunzi wananiangalia. Mmoja akashauri tuukunje mara kumi, tukajaribu, ukikunja mara kumi uzi unakuwa furushi, na kila mtu anakunja kivyake. Shilingi 5,000 zimekwenda hivyohivyo, nyingine zimefungia madaftari.

Dawa: vipande vya karatasi ya manila, mita 1 ya uwanjani iwe sentimita 5 za ukutani. Kizibo cha mita 30 kinakuwa kipande cha mita moja na nusu, kinaenea. Manila nne 4,000, gundi 2,000, makapeni mbili 3,000. Vipande vimebandikwa vimesimama, kila kimoja sentimita 10 kutoka kwa mwenzake, kwa sababu kila kimoja ni ngo moja ya debe. Ukikaa nyuma ya darasa unaona ngazi inapanda, na ukipitisha rula juu ya vichwa vyake ndio mstari wenyewe.

Usiache hatua hii. Kwenye grafu ya daftarini nukta inaelea tu hewani. Kwenye ukuta nukta ina mwili chini yake, ule mwili ndio umbali kutoka nyumbani, na mtoto anaugusa. Nimewauliza tena lile swali la mlima, mmoja tu ndiye aliyesema mlima na akajirudi mwenyewe, "hapana, vipande vinakuwa vifupi, kwa hiyo anakaribia nyumbani."

Jumatano 5 Machi

Ramadhani imeanza, nusu ya darasa wamefunga, kwa hiyo shughuli za uwanjani nimezisogeza kipindi cha kwanza kabla jua halijakolea, na waliofunga wanapiga debe na kuandika, kukimbia wanakimbia wengine.

Leo tulifanya kinyume, nawapa grafu wao wanaitembea. Kupanda, kulala, kushuka, wote sawa. Halafu nikaweka mstari uliosimama wima kabisa. Wa kwanza akaondoka mbio balaa. Nikamwambia bado hujafika, kwenye grafu yangu muda haujasogea hata chembe. Wa pili akakimbia zaidi, bado. Wakajadiliana pale, mwishowe kijana mmoja akasema huyo hakimbii, huyo kapaa na ungo. Nikamwuliza kwa nini. "Kwa sababu sekunde ileile yupo nyumbani na sekunde ileile yupo Kibaha." Sijawahi kulieleza hili vizuri namna hiyo miaka yote niliyofundisha. Tangu leo mstari wima unaitwa mstari wa ungo, na nikimkuta mtu kachora ungo namwandikia pembeni "mchawi".

Alhamisi 13 Machi

Hii naiona ndiyo muhimu kuliko zote, na haikuhitaji hata senti.

Nimewapa zoezi la karatasi, safari ya mstari unapanda kwa ukali halafu unapanda taratibu, wapi alikuwa na kasi zaidi? Kumbe mlima umerudi! Kumi na tisa wameandika sehemu ya pili, "kwa sababu mwanzo mwinuko ni mkali kwa hiyo alikuwa anapanda kwa shida, baadaye mwinuko umepungua akaongeza mwendo." Baada ya vizibo vyote vile, na manila zote zile ziko ukutani wanaziangalia.

Nikaenda ofisini nalalamika, madam wa Kiswahili alikuwa anasahihisha insha zake hata hakuinua kichwa, akasema, "Mwalimu, wewe mwenyewe unawaambia mwinuko, halafu unashangaa wakiona mlima?"

Nikanyamaza. Ni kweli tangu Januari nasema mwinuko wa mstari, mstari umepanda, mstari umeteremka, mteremko mkali. Neno lenyewe ni la milimani. Mtoto anafanya kazi ya kuacha kuona mlima, na mimi kila baada ya dakika tano namrudishia mlima kwa mdomo wangu. Kwenye mtihani wataandikiwa slopu au gradienti, na hayo kwa mtoto wa kwetu hayana picha yoyote kichwani, pengine ni heri, lakini sisi walimu tunayatafsiri haraka kwa mwinuko kwa nia njema kabisa ya kusaidia.

Nilichofanya: nimelipiga marufuku neno mwinuko darasani kwa wiki mbili, na mimi mwenyewe nikilisema natozwa faini ya pipi moja kwa atakayenikamata (nimetozwa sita). Badala yake swali ni moja, "kila sekunde, mita ngapi?" Chukua sekunde moja kwenye mhimili wa chini, nenda juu, mstari umepata mita ngapi? Sehemu ya kwanza kila sekunde mita 3, sehemu ya pili kila sekunde mita 1. Sasa nani ana kasi? Hakuna aliyekosa. Na mstari unaoshuka nao haushuki, "kila sekunde anapungukiwa mita 2 kufika nyumbani." Ni maneno marefu, lakini hayana mlima ndani yake.

Kidogo kuhusu neno lingine, mwendokasi. Kwenye fizikia hilo ndilo neno la kasi, ila hapa Dar tangu mabasi yale ya njia maalumu yaanze 2016 mwendokasi ni basi. Nikasema "tafuteni mwendokasi wa huyu mtu", sauti ikatoka nyuma, "kapandia Kimara." Nimeamua kubaki na kasi tu.

Alhamisi 20 Machi

Jumamosi iliyopita nilipanda hilohilo basi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, kama kilomita 16, nikawa naandika saa kila kituo, umbali nikasoma kwenye ramani ya simu. Dakika 50. Nimewapa data wachore, imetoka ngazi nzuri sana, inapanda, inalala kituoni, inapanda. Walipotafuta kasi ya safari nzima, 16 gawanya kwa dakika 50 zidisha 60, wakapata kilomita 19 kwa saa, wakakataa katakata, basi linakwenda kuliko hivyo. Ndio tukaona kwamba ukiunganisha mwanzo na mwisho kwa mstari mmoja unapata 19, lakini vipande vyenyewe vya kutembea ni vikali kuliko huo mstari, kwa sababu vinalipia muda wa vituo. Hapa walielewa haraka kuliko nilivyotegemea, sijui kwa sababu wanalipanda kila siku.

Ila nilikwama sehemu nyingine kabisa. Swali la aina ya mtihani: basi linaondoka 8:00 asubuhi, linafika 10:30, umbali kilomita 150. Nimepata majibu matatu. Mmoja kasema ni masaa 2 na dakika 30 kwa hiyo 2.3, 150 gawanya 2.3, akapata 65. Kosa la kawaida, dakika 30 sio 0.3 ya saa. Mwingine kapata 60, sahihi. Wa tatu kapata 17 na kitu. Nikamwita. Kumbe 8:00 kaigeuza vizuri kabisa kuwa saa 2 asubuhi kama tunavyosema, halafu 10:30 kaiacha vilevile. Kutoka 2 mpaka 10 na nusu ni masaa nane na nusu, maskini, basi lake limelala njiani.

Tukatumia kipindi kizima hapo na sijutii. Nusu ya darasa wakachora kwa saa zetu, kutoka 2:00 mpaka 4:30, nusu wakachora kwa saa za mtihani, 8:00 mpaka 10:30. Tukaweka karatasi mbili dirishani zimebebana, mistari ni ileile! Imesogea tu, kila saa ukiongeza 6, ila "kila saa kilomita ngapi" haijabadilika, 60 huku na 60 kule. Chagua saa moja ukae nayo, usiingie na ya Kiswahili ukatokea kwa ya Kiingereza.

Fotokopi za karatasi za grafu, 50 kwa shilingi 100, 5,000.

Alhamisi 10 Aprili

Mvua. Uwanja ni tope, kwa hiyo leo tumekimbia kwenye karatasi, na nimewaletea Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Katika 46 waliokuwa wamemsikia ni wawili.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Bayi akashika uongozi mapema akachomoka, nusu ya mbio anaongoza kwa kama mita 20, John Walker wa New Zealand akaja kumkimbiza mwishoni, Bayi akamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, Walker 3:32.52.

Kwanza wakaandika 3.32, nikawaambia kumbukeni lile basi la 2.3, wakajirekebisha wenyewe, sekunde 212.16. Kasi ya wastani mita 7 na kidogo kila sekunde. Wakachora mistari miwili, wa Bayi na wa Walker, kwa skeli ya sentimita moja sekunde 20. Mstari ukatoka mmoja. Sekunde 0.36 kwa skeli hiyo haifiki hata robo ya milimita, penseli yenyewe ni nene kuliko hapo. Mbio kubwa kama ile na karatasi haioni chochote.

Nikawauliza mnataka kuona nini. Wakasema pengo. Basi choreni pengo lenyewe: chini umbali aliokimbia Bayi, juu Walker yuko nyuma mita ngapi. Mita 800, pengo 20. Mwishoni sekunde 0.36 mara 7, pengo kama mita 2 na nusu. Unganisha. Mstari unashuka, na mkono ukanyooshwa, "Mwalimu, sasa nani karudi nyumbani?" Nilikuwa nalisubiri swali hilo wiki nzima. Hakuna aliyerudi, wote wanakimbia mbele kwa nguvu zote. Kinachopungua ni pengo, kwa sababu pembeni tumeandika pengo. Mstari uleule wa kushuka, ukibadilisha maneno ya pembeni unasimulia habari nyingine kabisa.

Pengo limepungua mita 17.5 ndani ya mita 700, yaani 2.5 kila mita 100. Wakaendelea wenyewe bila kutumwa: zimebaki 2.5, kwa hiyo angekamatwa mita 1600. Na maili moja ni mita 1609! Darasa likachachamaa. Nikawatuliza, mstari huo tumeuchora kwa nukta mbili tu, hatujui katikati Walker alipunguza pengo vipi, na mtu akikaribia utepe hakimbii kwa rula. Halafu nikawaambia kilichotokea: Mei 1975 Bayi akavunja rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0, na Agosti mwaka huohuo Walker akaichukua kwa 3:49.4. Haithibitishi mstari wetu hata kidogo, mbio tofauti, siku tofauti. Ila hawakutaka kunisikia.

Jumatano 16 Aprili

Kutoka umbali kwenda uhusiano mwingine wowote wa mstari. Chupa ya soda ya lita moja na nusu imekatwa shingo, kikombe cha mililita 200, rula. Mimina kikombe, pima kimo, andika.

Jaribio la kwanza limeharibika kwa sababu chupa ya soda ina miguu chini, kule ni kwembamba, kikombe cha kwanza kinapandisha maji kuliko vingine, kwa hiyo mstari unaanza na kipinda. Dawa: jaza kwanza mpaka miguu imezama, hapo ndio uanze kuhesabu vikombe kutoka sifuri. Tukapata vikombe 0, 1, 2, 3, 4, kimo 4, 7.1, 10.3, 13.4, 16.5. Kila kikombe, sentimita 3 na kidogo. Na kule kuzamisha miguu kumetupa bure kitu ambacho huwa nakifundisha kwa shida sana, mstari usioanzia sifuri. Kabla hujamimina hata kikombe kimoja maji yapo sentimita 4.

Wakaandika wenyewe, kimo ni 4 jumlisha 3.1 mara vikombe. Kuna kijana akauliza, hii si sawa na mtu aliyeanza kutembea akiwa tayari yuko mita 4 kutoka nyumbani? Ndiyo, bwana. Na ni sawa na bajaji inayokudai elfu moja ya kupanda halafu mia tano kila kilomita. Hapo wakaanza kutunga za kwao, nyingi zilikuwa za bando na za chipsi.

Alhamisi 8 Mei

Nimerudisha lile swali la tarehe 3 Februari, mstari uleule, bila kuwaambia. Wa mlima ni 6, kutoka 29. Waliosema katoka, kasimama, karudi ni 37. Watatu hawakuwepo. Kati ya hao sita, wanne ni wale waliokosa vipindi vya vizibo kwa sababu mbalimbali, na kwao nitarudia uwanjani mvua zikikatika.

Marufuku ya mwinuko nimeiondoa, wanahitaji kulijua neno, ila wamelishikilia lile swali lao la kila sekunde mita ngapi na mimi sina haraka ya kuwanyang'anya.

Jumla: kamba 4,500, soda ya fundi 1,000, uzi ulioharibika 5,000, manila 4,000, gundi 2,000, makapeni 3,000, fotokopi 5,000. Ni 24,500, ukiacha pipi za faini. Wewe ukianza bila uzi ni 19,500, na kama shule ina tepu na kamba unashuka mpaka 14,000.

Manila za ukutani zimeanza kubanduka upande wa dirisha kwa unyevu, vipande vitatu vya mwisho vimedondoka, kwa hiyo sasa hivi mtembeaji wetu ameishia mita 22 na nusu. Wanafunzi wamekataa nisivirudishe, wanasema huyo kakatisha safari, simu yake imeita.